Kifungu cha 30 na chupa kumi za munkoyo

Kwenye ukuta wa kiofisi changu cha kuuza tiketi za ndege, komini (wilaya ya mji) ya Kenya, Lubumbashi, Kongo, nimebandika karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nene: KINACHOMWAGIKA, KINACHOPAKWA, KINACHOPULIZWA, CHOTE NI MAJI. Chini yake nimepanga asali, siagi ya karanga, jamu, dawa ya meno, pilipili ya kusaga, mafuta ya ngazi, marashi. Mama mmoja aliwahi kunibishia nusu saa nzima kwamba siagi ya karanga inaliwa na kisu, na maji hayaliwi na kisu. Nikamwonyesha karatasi. Basi wateja wakanipa jina: Papa Mililita. Nalisema mapema ili mjue nilianguka kutoka juu kiasi gani.

Mwezi wa saba Yaya, ndugu yangu mkubwa, alikuwa anaozesha binti yake huko Brussels. Akanipigia simu mara tatu kwa siku moja. Hakutaka kitenge, hakutaka kapenta, vile visamaki vyetu vikavu.

"Uniletee munkoyo ya mama," akasema. "Hapa bananipa juisi tu."

Masanduku yangu mawili yalishajaa, kilo 23 kila moja, na yalipangwa kitaalamu. Nyama na maziwa haviingii Ulaya, kwa hiyo hata kipande cha nyama kavu sikuweka. Samaki unaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo kapenta walikuwemo hata kama hakuwaomba. Sombe, yaani kisamvu, ikiwa majani mabichi inadai cheti cha afya ya mimea. Tuliitwanga, tukaichemsha, tukaianika mpaka ikasahau kwamba iliwahi kuwa jani. Matunda yasiyodaiwa cheti ni matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Hilo la mwisho sijawahi kulikuta soko la komini yetu, na nasikia harufu yake ni sababu tosha.

Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ungeingia wapi? Kwenye masanduku kulikuwa na nguo sita nyeupe za bazeni, za harusi. Chupa moja ingepasuka humo, tungeingia kanisani tunanuka uji. Nikaamua: nitaubeba mkononi, kwa sheria, mililita 100 kwa mililita 100.

Kwa wasioujua: unapika uji wa mahindi saa kadhaa, unauacha upoe mpaka uvuguvugu, ndipo unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Ukiitia uji ungali moto, nguvu ya mizizi inakufa na unabaki na uji wako. Ukiitia kwa wakati, usiku mmoja unatosha: uji mzito unalegea, unakuwa mwepisi na mtamu. Siku ya pili unaanza kuchachuka. Mama aliuchuja jioni, mimi nikaongeza vijiko viwili vya sukari kwa sababu Yaya anapenda tamu. Kumbuka vile vijiko.

Chupa nilinunua kwenye duka la dawa, plastiki, mililita 100, zilikuwa tisa. Ya kumi ilikosekana. Nikatwaa chupa ya kahawia ya dawa ya kikohozi, imeandikwa 125 chini ya kitako, nikaijaza 80 tu. Najua vizuri kwamba kinachohesabiwa ni ukubwa wa chupa, si kilichomo. Hilo liko kwenye karatasi yangu, mstari wa tatu, nimelipigia mstari mara mbili. Lakini mganga hajigangi. Nikakaza vifuniko vyote kwa koleo.

Mama alikuwa ananitazama. "Usifunge na nguvu, papa. Munkoyo inapumuaka."

"Mama, ikivuja, sekirite wa uwanja wa ndege wataitupa."

"Haya," akasema, na akaenda kulala.

Usiku ule baridi ilikuwa ile ya Julai inayoshuka mpaka nyuzi 6 au 7. Laiti ningeziacha chupa dirishani, chachu ingelala kama sisi. Lakini nilikuwa nafunga mizigo jikoni, kando ya mbabula yenye makaa, na chupa zikabaki pale pale hadi saa kumi za alfajiri, zinaota moto, zinakula sukari ya Yaya. Asubuhi nilipozichukua niliona zimenona. Nikafikiri ni macho ya usingizi.

Kwenye foleni ya ukaguzi nilikuwa nyuma ya wakili kijana, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa anavua mkanda huku anahutubia. Kifungu cha 31 cha Katiba, alisema, kinalinda maisha binafsi ya mtu. Sasa suruali yake ikishuka mbele ya bamama, maisha binafsi yamebaki wapi? Watu wakacheka. Mimi, mtu wa karatasi ukutani, sikuweza kunyamaza.

Nikamweleza yeye na wote waliokuwa nyuma yetu. Kwamba tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza walikamata watu waliopanga kulipua ndege za kwenda Amerika Kaskazini kwa milipuko ya maji ndani ya chupa za kawaida za vinywaji. Kwamba siku ile ile maji yakapigwa marufuku kabisa, na wazazi wakaonjeshwa maziwa ya watoto wao mbele ya wakaguzi. Kwamba Novemba Ulaya ikalegeza: chupa zisizozidi mililita 100, zote ndani ya mfuko mmoja wa lita moja unaoonyesha ndani, sentimita 20 kwa 20, unaofungika, maziwa ya mtoto na dawa za safarini zikasamehewa. Kwamba ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ikazitaka nchi nyingine nazo zifuate ifikapo Machi 2007. Kuna viwanja vilivyoleta mashine mpya zinazokata picha vipande vipande kama za hospitali, vikaruhusu chupa kubwa. Ulaya ikarudisha mililita 100 kwa muda tarehe 1 Septemba 2024 hata kwenye mashine hizo. "Kwa hiyo, Maître," nikamaliza, maana ndivyo tunavyomwita wakili, "usibishane na foleni."

Ningeishia hapo. Lakini macho yangu yakaanguka kwenye sinia lake. Pale palikuwa na betri ya kuchajia simu, nene kama tofali. Lubumbashi kwa delestaji hii, umeme kukatwa kila mara, kila mtu ana ya kwake, lakini hii iliandikwa mAh 30,000.

"Hiyo zidisha kwa 3.7," nikasema kwa sauti, "gawanya kwa 1,000. Wati-saa 111. Hadi 100 unapita bure. Kati ya 100 na 160 lazima kampuni ya ndege ikubali, na si zaidi ya mbili. Ya 20,000 ingekuwa 74, usingekuwa na shida."

Wakili akanigeukia polepole. Mkaguzi, mama mmoja mtulivu wa umri wa shangazi zangu, akaichukua betri, akaisoma. "Maître, una ruhusa?"

"Basi niiweke kwenye sanduku."

"Apana," nikadakia, "kwenye sanduku ndiyo mbaya zaidi. Ikiwaka huko chini nani atazima? Kwa hiyo inakaa mkononi, watu waione."

Akarudishwa kaunta. Alirudi baada ya dakika kumi na karatasi yenye muhuri na jicho ambalo sitalisahau. Wakati huo mfuko wangu ulikuwa unapita.

Kwenye skrini ya mashine, chuma kinatoka bluu, na kile kilichowahi kuwa hai, chakula, nguo, karatasi, kinatoka rangi ya chungwa. Mfuko wangu ulikuwa chungwa tupu, vichwa kumi vya mviringo vimebanana. Na hapa niwape siri ambayo karatasi yangu haikuwa nayo: mfuko wa lita moja haubebi chupa kumi za mililita 100. Hesabu inasema kumi, lakini chupa ni za duara, zina kuta na mabega, na hewa kati yake. Zikiingia sita mfuko ukafungika, shukuru.

"Papa, hii mufuko haifungike," mama mkaguzi akasema.

"Ilifungika nyumbani." Ilifungika kwa mpira wa nywele wa mpwa wangu.

"Na ile ya kahawia," sauti ikatoka nyuma ya bega langu, tamu kama asali, "nadhani ni 125. Shefu, angalia kitako."

Alikuwa wakili. Mama mkaguzi akaigeuza. 125. Ikaenda kwenye pipa, ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayeguna usingizini. Zilibaki tisa. Akapanga sita mfukoni, mfuko ukafungika, tatu zikabaki mezani.

"Hizi unywe ao utupe."

Munkoyo wa mama yangu. Nikasikia mdomo wangu, bila kuniuliza, ukitaja Katiba. Mimi! Papa Mililita! Nikasema kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kuzunguka kwa uhuru, kutoka katika nchi na kurudi. Nikasema mtu hasafiri mwili peke yake, anasafiri na vyakula vyake. Nilipaza sauti kidogo.

"Malizia kifungu, papa," wakili akasema, anafunga mkanda wake bila haraka. "'Kwa masharti yaliyowekwa na sheria.' Na usisahau: Katiba ni ya Februari 2006, mililita 100 za Novemba ile ile 2006. Ni watoto wa mwaka mmoja. Usibishane na foleni."

Foleni nzima ikapiga makofi. Mama mkaguzi hakucheka. "Kifungu kinasema weye uende," akaniambia kwa upole. "Munkoyo haikutajwa. Lakini hizi chupa mbona zimevimba? Fungura moja tuone."

Niliishika moja. Ilikuwa ngumu kama mpira uliojazwa pumzi, kitako kimetoka nje, imekataa kusimama. Hapo nikakumbuka mambo matatu kwa mpigo: vijiko viwili, makaa ya mbabula, na gari letu lililorukaruka kwenye mashimo mpaka uwanjani. Chachu inakula sukari, inatoa hewa. Hewa haina pa kutokea, inajificha ndani ya maji. Ukitikisa, inatafuta mlango. Dawa yake ni kulegeza kifuniko robo mzunguko, usikie sss, ufunge, urudie. Nilijua. Lakini niliifunga kwa koleo, na kifuniko kilichofungwa kwa koleo hakijui robo. Kilikataa, kikakataa, kisha kikakubali chote.

Munkoyo ulipanda juu wima. Uligusa taa. Ukarudi kama mvua ya kwanza ya Oktoba, ukaiangukia skrini, glavu za mama mkaguzi, sinia la kadi na miwani ya mzee mmoja wa nyuma, na zaidi ya vyote, shati la wakili. Mahindi machachu yalinuka chumba kizima. Kijana wa foleni akasema, "Eh, ni ya mama nani? Ni nzuri."

Mama mkaguzi alivua glavu, akachukua kitambaa, akafuta skrini kuanzia juu kushuka chini. Kisha akaokota kile kichupa kitupu, akanionyesha maandishi.

"Hii ni mililita 100, papa. Ingekuwa lita?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma maelezo mengi kuhusu kwa nini walichagua kipimo kidogo vile. Hakuna lililoniingia kama lile.

Hukumu ikawa hivi: chupa zilizobaki nane, hakuna itakayopanda ikiwa inapumua. Nizitupe, au nizinywe hapo hapo, nipite na chupa tupu, maana chupa tupu hata ya lita tano inaruhusiwa. Addis Ababa wangetukagua tena, na sikutaka kulipua mji wa watu. Nikalegeza vifuniko kimoja kimoja, sss, robo mzunguko, juu ya pipa, watu wamerudi nyuma hatua nne. Wakili akasogea. Akasema shati lake lina madai. Nikampa tatu kama fidia, akazinywa amesimama, akakubali kwamba kesi imeisha. Mimi nikanywa tano. Mama mkaguzi alikataa, yuko kazini, lakini aliuliza mama yangu anatoa mizizi wapi.

Ndege ikapaa. Watu wengi hudhani humo ndani hewa ni kama ya nyumbani. Si hivyo: inabanwa iwe kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na Lubumbashi tuko mita 1,200 na kitu. Hewa yoyote iliyofungwa, ya pakiti ya karanga, ya chupa, ya tumbo, inapanuka. Na chachu haikuambiwa kwamba imeshakaguliwa. Tumboni ni joto kuliko kando ya mbabula.

Taa ya mikanda ilipozimwa nilikuwa wa kwanza kusimama, mkono mmoja tumboni, mwingine kwenye viti vya watu. Nilipofika mlango wa choo nilimkuta mtu mwenye shati jeupe lenye ramani ya munkoyo kifuani, naye ameinama kidogo. Kwenye mlango palikuwa pekundu. Mtu yumo.

Tukatazamana. Kijasho kilikuwa kinamtiririka.

"Maître," nikasema, "kifungu cha 30."

"Papa," akajibu kwa meno yaliyobana, "usibishane na foleni."