Uskoti Isiyo na Watu

Mchoro wa Uskoti unaofahamika zaidi duniani ni ule wa kulungu dume mwenye pembe zilizotanda, aliyesimama mlimani huku ukungu ukifunika vilele nyuma yake. Aliuchora Edwin Landseer, mzaliwa wa London, mnamo 1851, ili upambe vyumba vya maakuli vya Bunge la Malodi, baraza la juu la bunge huko London, lakini wabunge wa baraza la chini wakakataa kutoa fedha. Baadaye ulitumiwa kutangaza sabuni na wiski, hata mwaka 2017 makumbusho ya taifa ya sanaa ya Uskoti yakaununua kwa pauni milioni 4.

Ustadi wake siupingi. Kinachonikera ni kuufanya uso wa taifa, ilhali katika mandhari yote ile hamna binadamu wala moshi wa jiko. Utupu huo una historia yake: kuanzia karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19, wenye ardhi wa Nyanda za Juu, eneo la milima la kaskazini mwa Uskoti, waliwaondoa wapangaji wao, mara nyingi kwa nguvu, wapate malisho ya kondoo, kisha sehemu kubwa ya milima ikageuzwa maeneo ya matajiri kuwindia kulungu. Landseer, aliyekuwa mgeni wa matajiri hao, alichora walichopenda kukiona.

Mchoraji William McTaggart, mwana wa Kintyre, rasi ya magharibi mwa Uskoti, aliyekulia kwenye Kigaeli, lugha ya jadi ya Nyanda za Juu, alisimama upande wa pili. Katika mchoro wake wa mwaka 1895 merikebu ya wahamiaji inaondoka, na wanaobaki ufukweni wamepakwa rangi kwa wepesi kiasi kwamba usipotazama kwa makini utawadhania kuwa sehemu ya mchanga na mawe. Kwangu mimi, hakuna aliyeieleza hasara ile vizuri zaidi.

Wapo watakaosema kwamba kosa la Landseer ni kuzaliwa Uingereza (England), nje ya Uskoti. Hoja hiyo haisimami, kwani mchoraji Joan Eardley naye alizaliwa huko, Sussex, mwaka 1921. Alihamia Glasgow akiwa msichana, akafungua studio mtaani Townhead, akawachora watoto wa jirani jinsi walivyokuwa, wenye makengeza na sweta zilizochakaa, mbele ya kuta zilizojaa maandishi ya chaki. Sehemu kubwa ya mtaa huo ilibomolewa miaka ya 1960, Eardley akiwa amekwisha kufariki mwaka 1963. Waskoti wale, ambao hakuna mtalii aliyewahi kuwafuata, wamebaki katika michoro yake.