Udaktari wa stika

Nafanya kazi ya kudizaini mabango huku River Road, Nairobi, na najua ukisikia River Road akili inakimbia kwa vyeti feki, kwa hivyo wacha niseme mapema: sisi ni mabango, kadi za harusi, programu za mazishi na fulana za kampeni, basi. Lakini kuna kitu nimekiona sana hapa kwa meza yangu hii miaka michache na kimenikaa rohoni, herufi mbili na nukta. Dr.

Mwezi juzi aliingia askofu wa kanisa anakoenda mamangu, huko Eastlands. Mtu mpole sana, ananijua kwa jina tangu nikiwa wa kubebwa. Amekunja bango la krusedi kwapani, lile tulimchapia Januari, mita tatu, bado zima kabisa. Akasema, "Kijana wangu, hapa mbele ya jina kuna kanafasi, tuwekee Dr." Nikamuuliza kama tuchape jipya akasema aah, pesa yote imeishia kwa shughuli ya kuchukua hiyo Dr. Basi nikamkatia stika nyekundu, shida ni kwamba nyekundu ya stika na nyekundu ya bango lililopigwa jua miezi mingi hazifanani hata kidogo, ukisimama ng'ambo ya barabara kitu cha kwanza unaona ni Dr., alafu jina linakuja nyuma kama limechelewa matatu. Mia tatu. Akalipa na asante juu.

Alafu akatoa cheti nikiskani. Karatasi nzito, muhuri wa dhahabu wa kubandika, jina refu la chuo kikuu cha "kimataifa", nikatafuta mji, nikatafuta nchi, hakuna. Chini ya jina lake, kwa herufi ndogo kama zile za masharti ya mkopo, maneno mawili ya Kilatini: honoris causa. Akaweka kidole hapo. "Hayo toa."

Sikutoa. Nikamdanganya ati nikigusa hapo rangi ya cheti chote inaharibika. Mungu anisamehe, kila mtu siku hiyo alikuwa na kauongo kake.

Hayo maneno mawili yanamaanisha kwa ajili ya heshima, na hapo ndipo ukweli wote wa hicho cheti umekaa. Ni shahada ambayo hujaisomea, umepewa kwa sababu watu wameona kazi yako. Na si kitu kibaya, jameni. Chuo cha kweli kina utaratibu wake, seneti inakaa inapendekeza jina, baraza linapitisha, chansela anakupatia mbele ya watu, na wewe kazi yako ni kufika ukiwa umeoga, hulipi ada. Benjamin Franklin yule wa mambo ya umeme aliacha shule akiwa mtoto wa miaka kumi, na chuo cha St Andrews kule Scotland kikampa udaktari wa heshima 1759, akaitwa Dokta Franklin mpaka akaingia kaburini. Kwa hivyo hata hii ya kuvaa jina mbele si ugonjwa ulioanzia Nairobi. Na kuna chuo kimoja New York 1996 kilimpa Kermit, yule chura wa kitambaa wa kwa TV, udaktari wa heshima. Chura. Lakini sijasikia chura ametoa mchango.

Mchango ndio unanisumbua. Askofu alinionyesha barua yenyewe kwa simu, ilikuja kwa WhatsApp, "tumefurahi kukujulisha kuwa umeteuliwa", sifa aya mbili, ukishuka chini unakuta "mchango wa hisani" dola 800, na hiyo ndani yake kuna gauni, kofia, picha 3 na chakula cha mchana kwa hoteli moja hapa tauni. Ukitaka uprofesa wa heshima, 1,200. Sasa mchango gani huo una menyu? Nikisaidia mtoto wa jirani na karo, siulizwi saizi ya gauni. Barua inasema pesa inaenda kwa watoto maskini, haisemi watoto gani, wa shule gani, wa mtaa gani. Mimi naona hivi: kama bei imetajwa kabla ya kazi yako kutajwa, hapo hujatoa, umenunua, na hata hao watoto wametumiwa kama karatasi ya kufungia nyama.

Na usidhani ni ujanja mpya. Kuna kanisa kule California, Universal Life Church, lilikuwa linatoa udaktari wa dini wa heshima kwa sadaka ya dola 20. Watu wa kodi wa Marekani wakalikatalia msamaha wa kodi, ikafika kortini, na 1974 kanisa likashinda. Dola 20! Sisi tunauziwa 800 na bado tunaambiwa kuna ofa.

Kuna mtu ataniambia hata vyuo vikubwa vinawapa matajiri waliojenga maktaba. Ndio, najua, na hiyo nayo ina harufu yake, labda ndio maana MIT na Stanford, vyuo vikubwa vya Marekani, hawatoi kabisa shahada za heshima, kwao ukitaka digrii kaa darasani. Lakini tofauti naiona kwa Mugabe wa Zimbabwe. Chuo cha Edinburgh kule Scotland walimpa yake 1984, wakaja wakamnyang'anya 2007. Kumbe kitu cha kweli kinaweza kurudishwa, kwa sababu kuna mlango wa kuugonga na kuna watu wa kuona aibu. Hii ya hoteli nani atainyang'anya? Chuo chenyewe ni laini ya simu, na juzi nimejaribu kupiga, mteja hapatikani.

Wanaijeria waliona hii kitu mapema, wakuu wa vyuo vikuu vyao walikaa mji wa Keffi 2012 wakakubaliana kwamba mwenye shahada ya heshima asijiite Dr. Na Nyerere alipewa udaktari wa heshima na vyuo vingi tu, kawaulize Watanzania walimwita nani. Mwalimu. Hiyo hakuipata kwa mahafali, aliipata kwa chaki.

Mimi nina binamu anafanya PhD, ule udaktari wa kusomea, huu mwaka wa saba. Anafundisha vyuo viwili kama kibarua, jioni anapanda matatu ya kurudi Kahawa na lapitopu imefungwa ndani ya mfuko wa unga ndio wezi wasiishuku. Kila akipeleka kazi msimamizi anamwambia rudia chapta ya pili. Nikimkumbuka Wangari Maathai, 1971, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata PhD, alafu bado akakuja kutukanwa alipokataa jumba lijengwe Uhuru Park 1989, naona kama hizo herufi mbili zilikuwa na uzito fulani. Sasa mimi nazikata na mashine ya stika kwa dakika nne.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Hizo dola 800 zilitoka kwa harambee. Kanisa lilichanga "kumsindikiza askofu akachukue udaktari", zaidi ya laki moja, na mamangu, ambaye anauza mboga, alitoa elfu moja. Na huyu askofu, nisimwonee, kila Jumamosi kwa miaka mingi amekuwa akipikia watoto wa mtaani githeri, sufuria kubwa ya shule, anakoroga mwenyewe, amekunja mikono ya shati. Kama kuna chuo cha kweli kingepita hapo Jumamosi kingempa bila kuitisha senti. Jumamosi ngapi za githeri ziko ndani ya laki moja, piga hesabu mwenyewe, mimi nimepiga nikaacha.

Nikamwambia mama ametapeliwa. Aliniangalia kama amenipata nimeiba. "Wewe wanasiasa wakikuja hapo kwako wakitaka Dr. unawaandikia na unachukua pesa, huwaulizi wamesoma wapi. Huyu amezika watu wetu bila kuitisha hata nauli, leo ameitwa daktari ndio unapata mdomo?" Nikajaribu kusema si yeye nalaumu, ni wale wa hoteli. Akasema, "Sisi ndio tulimpa. Hao wa hoteli walileta tu gauni."

Hapo kusema kweli sikuwa na jibu, na sina mpaka leo, ingawa bado naona ile elfu moja yake iko mfukoni mwa mtu asiyejua jina lake wala la githeri.

Wiki iliyopita kuna mzee alifariki kwa ploti ya mama, nikaombwa nitengeneze programu ya mazishi, hiyo huwa sichaji. Saa tano usiku mama akapiga simu kuhakikisha: picha iko? Iko. Nyimbo ziko? Ziko. "Na kwa mahubiri umeandika Askofu Daktari?"

Nilikuwa nimeandika Askofu. Nikarudisha mshale nyuma, nikasukuma jina, likagonga ukingo wa ukurasa. Ikabidi nipunguze fonti ya mstari mzima.