Tumpime mtoto, wachumba wana mambo yao

Kikao cha harusi kilikuwa kimefika kwenye ukumbi na vinywaji baba mdogo aliposimama. Ahadi zilikuwa hazijafika hata nusu ya bajeti, mwenyekiti anafuta jasho, na kila mtu alidhani mzee anataka kuongeza mchango. Hakuongeza. Aliuliza kama maharusi wamepima siko seli, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kisha akageuka kunitazama mimi niliyejificha karibu na mlango.

"Mwanangu, si wewe ndiye wa maabara?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Basi kesho uwatoe damu hawa. Hatutaki kuchanga milioni kumi na mbili halafu tuje kuzika wajukuu."

Watu wakapiga makofi. Nikawatoa damu kweli, majibu hayakuwa na shida, harusi ikapigwa Nyegezi na pilau likaliwa. Lakini swali la mzee limenikaa, kwa sababu nchi nzima tunaliuliza, na tunaliuliza mahali pasipo pake. Redioni, mahubirini, kila Juni 19 siku ya selimundu ikifika, wimbo ni uleule: vijana, pimeni kabla ya kuoana. Sina ugomvi na anayetaka kupima. Ugomvi wangu ni kwamba tumeshupalia posa, tukamsahau mtoto aliyekwisha zaliwa.

Tupige hesabu ya kidukani. Huku Kanda ya Ziwa watafiti waliwahi kupima sampuli zaidi ya 17,000 za damu ya watoto wachanga. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa AS, yaani amerithi kinasaba cha selimundu upande mmoja tu. Huyo ni mzima, anabeba tu. Chukua wachumba jozi 100. Uwezekano wa wote wawili kuwa AS ni tano mara tano, moja kwa 25, kwa hiyo utapata jozi 4. Kwa hao, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS, aliyerithi pande zote mbili, mgonjwa. Irudishe hesabu kwa watoto wote: kama mtoto 1 kati ya 100. Na watafiti walikuta hivyohivyo, zaidi kidogo ya 1 kwa 100. Mara chache sana hesabu ya karatasi na damu ya watu vinakubaliana namna ile.

Sasa zile jozi 4 tuzifanyeje? Mahari imelipwa, sare zimeshonwa, na mara nyingine, tusidanganyane, mimba ipo tayari. Mimi nimewahi kuwapa majibu ya namna hiyo wachumba mara mbili. Wa kwanza walioana hivyohivyo. Wa pili waliachana, na aliyesemwa mtaani kuwa ana damu mbaya ni binti peke yake, wakati mwenzake anabeba kinasaba kilekile. Na hapo bado hatujamgusa mtoto ambaye wazazi wake hawakuwahi kuwa na kikao wala kadi ya mchango, nao ni wengi kuliko tunavyopenda kukiri. Serikali imekuwa ikitaja watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka. Hao hawasubiri mchungaji afungue daftari la ndoa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huu si ugonjwa wa kubahatisha. Katika magonjwa yote ninayoyatafuta kwenye damu za watu, sidhani kama upo ambao chanzo chake kinajulikana kwa undani kuushinda. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni, imeundwa kwa minyororo minne. Mnyororo wa beta una asidi amino 146 zilizotungwa kama shanga. Kwa mwenye selimundu shanga ya 6 imebadilika: palipotakiwa glutamiki pamekaa valini. Ni hiyo moja tu, kwa sababu ya herufi moja ya DNA, A ikageuka T, kwenye kromosomu ya 11. Glutamiki hupatana na maji, valini huyakimbia kama mafuta. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini ile hutafuta pa kujibanza, inajibanza kwenye himoglobini ya jirani, jirani naye anamshika mwingine, hadi zinakuwa kamba ndefu ngumu zinazoikunja seli nyekundu iwe kama mundu. Waliovuna mpunga hawahitaji kuchorewa picha.

Historia yake nayo ina mambo. Mwaka 1910 James Herrick wa Chicago aliandika juu ya kijana wa Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno, mwenye seli za umbo la ajabu. Jina la Herrick ndilo lililobaki vitabuni, lakini aliyeinama kwenye hadubini na kuziona seli zile alikuwa daktari mdogo wake, Ernest Irons. (Wenzangu wa maabara, najua mnacheka.) Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hutembea tofauti ikipitishiwa umeme, wakauita ugonjwa wa molekuli, wa kwanza kuitwa hivyo. Vernon Ingram wa Cambridge akaikamata shanga yenyewe mwaka 1956 na 1957. Katikati hapo yupo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akagundua kwamba hali ya AS imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu nyanda za juu. Mwaka 1954 akatoa sababu: AS humkinga mtoto na malaria kali. Kwa hiyo akija mtu kukwambia ukoo wenu una laana, mwambie ni mbu.

Zaidi ya miaka 70 tangu Pauling, mtoto wa kwetu bado anagunduliwa kwa kubahatisha.

Nimkumbuke mama mmoja aliyekuja na mtoto wa miezi tisa, viganja na nyayo vimevimba kama maandazi. Alikuwa ametibiwa malaria mara tatu. Bibi yake alisema ni meno ya plastiki, jirani akasema katupiwa. Kituo kimoja kikamfanyia kipimo cha siko, majibu yakaja kwamba hana. Akaambiwa aende nyumbani na amoksilini.

Kipimo kile nakijua kama kiganja changu. Unaweka tone la damu kwenye slaidi, unaongeza dawa ya metabisulfaiti inayonyonya oksijeni, unafunika kwa kioo chembamba, unaziba kingo hewa isiingie. Mimi huziba kwa rangi ya kucha ya dada wa mapokezi, nyekundu, haina mfano. Nusu saa baadaye unainama kwenye hadubini, na kama siko ipo unaona seli zilizokuwa duara kama sahani zimechongoka, zimepinda. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nikiwa chuoni nilimwita kila mtu aje aone.

Ni kipimo kizuri cha kufundishia, lakini kama kigezo cha kuamulia maisha ya mtoto ni kibovu. Dawa ile lazima itengenezwe upya, ikikaa chupani inachoka, na ikishachoka inasema hana hata aliye nayo. Naamini ndicho kilichompata yule mama, maana nilipokirudia kipimo kwa dawa mpya seli zilijikunja zote mbele ya macho yangu, na kipimo cha umeme baadaye kikathibitisha SS. Upande wa pili, kipimo hiki hakijui kutofautisha AS na SS. Seli za wote wawili zinapinda. Nimeona karatasi zilizoandikwa "chanya" bila neno lingine, na mtoto mzima kabisa wa AS analelewa kama yai: haruhusiwi kukimbia, haendi kuogelea, kila homa ni ya siko. Miaka minne yule mtoto hakucheza mpira kwa sababu ya neno moja la fundi wa maabara.

Na kwa mtoto mchanga ndiyo hakifai kabisa. Mtoto huzaliwa amejaa himoglobini ya tumboni, isiyokuwa na mnyororo wa beta, kwa hiyo seli zake hazipindi. Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, aliliona hilo mwaka 1948. Inapofika miezi sita himoglobini ile imeshaondoka kwa sehemu kubwa, na maumivu ndiyo yanaanza. Kwa hiyo miezi ambayo tungemwahi ndiyo miezi anayoonekana mzima na ambayo kipimo chetu cha kila siku hakimwoni.

Sasa hivi vipo vipimo vya haraka, kijiti kama kile cha malaria au mimba. Unamchoma kisigino, tone moja, na ndani ya robo saa mistari inaonyesha kama kuna himoglobini A ya kawaida, S ya selimundu au C, aina nyingine ya kurithi, hata kwa mchanga, kwa sababu hata ile kidogo aliyokwisha anza kuitengeneza inasomeka. Mashine za elektroforesisi, kile kipimo cha umeme, zipo hospitali kubwa. Muhimbili, timu ya Profesa Julie Makani imekuwa ikifuatilia maelfu ya wagonjwa tangu 2004. Wataalamu tunao, vifaa vipo. Kinachokosekana ni mstari mmoja kwenye kadi ya kliniki, chini ya BCG na polio ya kuzaliwa, ulioandikwa: himoglobini.

Kuna watu huniuliza, ukishajua halafu? Ugonjwa si hauponi? Swali hili ndilo lililotufikisha hapa. Mwaka 1986 Marekani walichapisha utafiti wa watoto wenye selimundu waliopewa penisilini ya kunywa kila siku. Maambukizi makali ya nyumokoka, bakteria wa nimonia, yalipungua kwa 84%, hadi utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Tunazungumzia penisilini hapa. Inauzwa kwa bei ya soda. Lakini lazima umwanzishie mtoto akiwa na miezi miwili, mitatu, kabla hajavimba kiganja. Ukimgundua ana miaka mitatu, wengi wa rika lake hawapo tena. Halafu ipo dawa ya haidroksiyurea, inayoamsha tena himoglobini ya tumboni. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi, Uganda, Kongo na Angola, matokeo yakatoka 2019: maumivu yalipungua, damu ya kuongezewa ilipungua, vifo vilipungua, hata malaria ilipungua.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza kisha Marekani waliidhinisha Casgevy, tiba inayokata kinasaba cha swichi iitwayo BCL11A ili himoglobini ileile ya tumboni irudi. Nilifurahi, nikawatumia wenzangu kwenye kundi la WhatsApp. Baadaye nikaona bei, dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa mgonjwa mmoja. Kundi likawa kimya kidogo, mmoja akauliza lini tutaletewa metabisulfaiti.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la siri. Ukimpima mtoto umewapima wazazi. Mtoto akiwa SS, na baba akipimwa akakutwa AA, yaani habebi kinasaba hicho kabisa, basi karibu kila mara damu imesema jambo ambalo hakuna aliyeuliza. Kwa hilo nakubali kwamba muuguzi anahitaji kufundishwa namna ya kuongea kabla ya kufundishwa kuchoma kisigino. Bado si sababu ya kumwacha mtoto.

Wala wasiseme hakuna njia ya kufikisha sampuli. Zile 17,000 nilizozitaja mwanzo hazikukusanywa kwa ajili ya selimundu. Zilikuwa damu za watoto waliozaliwa na mama wenye VVU, zilizokaushwa kwenye karatasi na kutumwa maabara kuu kwa kipimo cha VVU. Bahasha hizo zinatoka zahanati za vijijini, zinapanda basi, zinafika, na majibu yanarudi. Karatasi yenyewe ina miduara mitano ya damu, na kipimo cha VVU hakiimalizi yote.