Wafaraizi wa Bengal: dini au kodi?

Harakati ya Faraizi, vuguvugu la mageuzi ya Kiislamu lililoenea vijijini Bengal katika karne ya 19, husimuliwa kuanzia Makka. Mwanzilishi wake, Haji Shariatullah, aliondoka Bengal mwaka 1799 akiwa kijana, akakaa Hijazi karibu miaka 20, akarudi akikataza ziara za makaburini na maombolezo ya Muharram. Basi akabandikwa jina la Wahabi, na mjadala ukaishia hapo. Kwa maoni yangu, alidhulumiwa.

Mbengali wa kijijini aliyemsikiliza alikuwa na madeni. Waingereza walikuwa wamewamilikisha mazamindari, yaani makabaila waliokusanya kodi, ardhi mwaka 1793, na juu ya kodi ya shamba mkulima akatozwa michango chungu nzima, ukiwamo wa kugharimia sherehe za Durga na Kali, miungu wa kike wa Kihindu. Hebu tulitazame jambo hili vizuri: Mwislamu analima mpunga, anavuna, kisha anatoa sehemu ya mavuno kugharimia ibada ya sanamu ya mwenye shamba. Haji akasema hiyo ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu, msilipe. Kwa kauli hiyo moja mkulima akapata sababu ya kugoma ambayo hakuna mahakama ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, iliyotawala Bengal, iliyowahi kumpa. Mazamindari walilielewa hilo haraka kuliko wanahistoria wengi. Mwaka 1831 Haji alifukuzwa Nayabari, wilaya ya Dhaka. Mwanawe, Dudu Miyan, akaenda mbali zaidi: ardhi ni ya Mungu, hakuna mwenye haki ya kuirithi na kuitoza kodi. Akaweka makhalifa, yaani wawakilishi wake, vijijini, kesi zikaamuliwa hukohuko.

Wapinzani wao nao wana hoja nzito. Wafaraizi waliacha swala ya Ijumaa na za Idi, wakishika sharti la madhehebu ya Kihanafi kwamba swala hizo zisaliwe katika mji ulio chini ya utawala wa Kiislamu, na Bengal ilikuwa chini ya Waingereza. (Mshafii aliyezoea kuhesabu watu 40 ili Ijumaa iswihi atashangaa.) Karamat Ali wa Jaunpur, naye mwanamageuzi, aliwapinga miaka nenda rudi, akiwaita Makhawariji wa Bengal, kwa jina la kundi la kale lililojitenga na Waislamu wengine. Kunyima vijiji vizima Ijumaa si jambo dogo, na watu wa Dudu Miyan walishutumiwa kuwatenga na hata kuwapiga waliokataa kujiunga. Hilo siwezi kulitetea.

Mwaka 1870 Karamat Ali alitoa hoja mjini Calcutta kwamba India ya Waingereza si nchi ya vita (dar al-harb), yaani si nchi ambayo Waislamu wanaihesabu kuwa ya adui. Kifiqhi huenda alikuwa sahihi. Ila hoja yake haikumgusa zamindari hata kidogo, na mkulima wa Faridpur, wilaya ya Bengal, aliendelea kudaiwa na huyohuyo.