Tusome Pembezoni mwa Rejista ya Ubatizo

Wengi wetu wenye asili ya Kilimanjaro tunaweza kuwataja mababu wa upande wa baba kwa vizazi kadhaa bila kusita, lakini tukiulizwa mama yake babu alitoka ukoo gani, tunanyamaza. Masimulizi ya ukoo huhesabu wanaume. Ndiyo maana ninashikilia kwamba Mkatoliki anayetafuta historia ya familia yake aanzie kwenye rejista za ubatizo na ndoa za parokia, kabla ya kuhangaikia vyeti vya serikali ambavyo wazee wetu wengi hawakuwahi kuwa navyo.

Katika rejista ya ubatizo, jina la mama huandikwa pamoja na la baba na majina ya wasimamizi wa ubatizo. Hata hivyo, thamani yake kubwa naiona pembezoni mwa ukurasa. Agizo la Ne Temere, lililotolewa mwaka 1907 wakati wa Papa Pio wa Kumi na kuanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908, liliwataka mapadre waandike ndoa ya muumini katika rejista ya mahali alipobatizwa, hata kama ndoa yenyewe ilifungwa parokia nyingine. Kwa hiyo binti aliyebatizwa kwao Kilema na kuolewa Kibosho hapotei: rejista ya ndoa ya Kibosho humrudisha mtafiti Kilema, na maandishi ya pembeni ya Kilema humpeleka Kibosho.

Mimi nilimpata mama yake babu kwa njia hiyo. Nyumbani ilisemwa tu kwamba alitoka ng'ambo ya mto. Nilianza na ndoa yake, nikachukua namba ya ubatizo iliyoandikwa hapo, nikaenda nayo kwenye parokia ya kwao, na huko nikakuta jina la mama yake, ambalo hakuna mtu katika familia yetu aliyekuwa amewahi kulisikia. Nilikaa kimya mbele ya ukurasa ule kwa muda mrefu.

Usomaji wake unahitaji subira. Rejista za zamani ziliandikwa kwa Kilatini, na majina ya kwetu yaliandikwa kama padre mgeni alivyoyasikia. Mfaransa aliyezoea kuandika Ouganda angeweza kuandika "ou" popote tunapoandika "u". Tarehe ya ubatizo pia isichukuliwe kuwa ya kuzaliwa, kwa sababu Wakristo wa kwanza wengi walibatizwa wakiwa watu wazima baada ya mafundisho marefu, ambayo kwa Mapadre Weupe, yaani shirika la Wamisionari wa Afrika, yalikuwa ya miaka 4, na umri wao mara nyingi ulikadiriwa tu.

Linaloniumiza ni hali ya vitabu vyenyewe. Katika parokia moja niliyoitembelea, rejista ya zamani ilikuwa imelowa na kingo zake zimeliwa na wadudu, yaani sehemu ile ile yenye habari za ndoa. Kwingine majina na tarehe vimenakiliwa kwenye kompyuta kwa bidii ya kusifika, lakini maandishi ya pembeni yameachwa kana kwamba ni uchafu wa karatasi. Nawaomba maparoko na halmashauri za walei wapige picha kila ukurasa mzima, kutoka ukingo hadi ukingo, kabla ya masika yajayo.