Huku Oman aliyekwama haachwi, kwetu anapigiwa honi

Ijumaa asubuhi pale Bidiyah, kilomita 200 na ushee kutoka Muscat, ukisimama kituo cha mafuta utasikia sssss kila upande. Ni matairi yanatolewa upepo kabla ya msafara kuingia jangwani. Mwomani na Patrol yake, Mhindi na Pajero iliyochoka, Mfilipino na Jimny, Mtanzania na Prado ya mkopo wa benki, wote wamechuchumaa na kipimo mkononi, na anayemaliza kwanza anakwenda kumsaidia aliyebaki. Hawajuani majina bado. Hilo linanifurahisha sana, na nikikumbuka kwetu linanikasirisha.

Kwetu Tanzania gari la fowili ni cheo. Mashangingi mnayajua, sina haja ya kueleza. Vioo vya giza, mkubwa kakaa nyuma, kiyoyozi kinavuma, na gari linazeeka kati ya Posta na Mwenge bila mwenyewe kujua kile kijiti kifupi cha fowili kando ya gia kinafanya kazi gani. Likinasa barabara ya vumbi wakati wa masika, dereva ndiye anayevua viatu. Mkubwa anabaki ndani na simu. Linatokea shangingi jingine, linapiga honi, linapita pembeni na kuwarushia matope wanaosukuma.

Najua jibu lililo tayari: "Huyo kashiba tende, kasahau alikotoka." Sijasahau. Wala sisemi Waomani wana mioyo myeupe kuliko sisi. Nasema undugu ule wa jangwani unatengenezwa kwa kanuni, na kanuni hufundishwa. Anayedhani ni ukarimu tu wa Kiarabu hajawahi kukaa kwenye msafara.

Kanuni ya kwanza ni ya kioo. Kila dereva ana dhamana ya gari lililo nyuma yake. Ukitazama saiti mira usilione, unapunguza mwendo. Lisipotokea, unasimama mahali pagumu, pua ya gari ikielekea mteremko ili uweze kuondoka. Aliye mbele yako naye hakuoni, anasimama. Kwa hiyo hata redio zikifa, msafara mzima unasimama wenyewe hadi kwa kiongozi. Mgeni anawekwa wa pili, nyuma ya kiongozi kabisa, akanyage alama zilezile za matairi. Gari la mwisho anapewa fundi aliyebeba kamba, beleshi, kompresa na mbao za plastiki za kutia chini ya gurudumu, na yeye haondoki mpaka wote wameondoka. Magari matano hadi manane yanaendesheka vizuri. Yakizidi kumi, gawanyeni misafara miwili, la sivyo siku nzima mtakuwa mnangojana.

Upepo wa tairi ndio mtihani wa kila mmoja. Tairi la lami lina psi (kipimo cha upepo) 33 hadi 36. Mchangani linashushwa hadi 15 au 16, na gari zito lililosheheni linabaki 17 au 18. Wengi wanadhani lengo ni kulitanua tairi. La hasha, lengo ni kulirefusha pale linapogusa mchanga, uzito usambae, gari lipite juu badala ya kuchimba. Chini ya 12 ukikata kona kwa nguvu tairi linachomoka kwenye rimu, na mtatoka jasho kulirudisha. Ukirudi lami na upepo mdogo ukakimbia, tairi linapata moto na kupasuka. Ndiyo maana msafara hauvunjiki mchanga unapoisha. Watu wanangojana tena, kompresa moja inazungushwa gari hadi gari, na hakuna anayeaga kabla la mwisho halijajazwa.

Jangwa la Sharqiyah, ambalo wengi bado wanaliita Wahiba, lina kilomita za mraba zipatazo 12,500, na matuta yake makubwa yamelala kaskazini kwenda kusini. Kufuata mabonde kati ya tuta na tuta hata mgeni anaweza. Kukata kwenda mashariki au magharibi ndiko kunakotenganisha madereva. Upande unaopigwa na upepo ni mgumu kiasi na mwinamo wake ni wa taratibu. Upande wa pili ni laini na umeporomoka. Saa sita mchana jua likiwa utosini kivuli hakuna, na jicho halioni ule ukingo unapoanzia. Wanaojua wanapanda matuta makubwa asubuhi, mchanga ungali na ubaridi.

Kupanda ni gari moja moja. Unachukua kasi bondeni, unalegeza pedeli ya mafuta kidogo kabla ya kilele, na unayengoja chini hupandi mpaka redio iseme kilele kiko wazi, kwa sababu aliyetangulia anaweza kuwa amekwama upande wa pili usikoona. Bendera ndefu kwenye gari ni kwa ajili hiyohiyo. Ukishindwa kufika, rudi kinyumenyume ukifuata alama zako, usukani ukiwa umenyooka. Anayejaribu kugeuza tutani gari linakaa ubavu, linabiringika. Kushuka vilevile, nyoosha, gia ndogo, breki usiguse. Nyuma ikianza kuteleza pembeni, ongeza mafuta kidogo, linanyooka.

Na kukwama? Kila mtu anakwama. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote. Kiongozi wa miaka mingi atakwama mbele ya mgeni wa wiki ya kwanza na hakuna anayemcheka, maana wote wanajua hatua zinazofuata. Acha mafuta mara moja, kila mzunguko wa tairi unachimba zaidi. Kama tumbo halijagusa, jaribu kurudi nyuma. Likigusa, chukueni mabeleshi, ondoeni mchanga mbele ya magurudumu yote manne na chini ya tumbo, punguzeni psi 2 au 3 zaidi, kisha jaribuni. Kamba ni ya mwisho. Iwe ile inayonyumbuka, ya mita 9 hivi, ifungwe kwenye ndoano ya chesisi, kamwe si kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia trela, kwa sababu kikikatika kinaruka kama risasi. Kamba mbili zisiungwe kwa chuma katikati. Tupieni blanketi au mkoba wenye mchanga juu ya kamba, watu wote wakae mbali zaidi ya urefu wake, na anayevuta aanze polepole.

Kwenye shimo lile meneja wa benki na fundi wa viyoyozi wanashika mabeleshi mamoja. Mshahara wa mmoja ni mara kumi ya mwenzake, na Jumapili ofisini wasingesalimiana. Baadaye wanakaa chini ya mti wa mghafu, kahawa na tende zinazunguka, na si ajabu mzee wa Kiomani akageuka akakuamkia kwa Kiswahili cha Unguja, aulize Forodhani pakoje siku hizi. Baada ya hapo ukipata tatizo la gari usiku mjini unajua nani wa kumpigia.

Sasa mniambie kwetu hakuna watu wa hivyo. Wapo! Madereva wa malori wanafanya haya bila bendera wala redio: lori likiharibika unakuta matawi ya majani yamepangwa barabarani kukuonya, turnboi amelala chini ya chesisi, na lori la pili limesimama linatoa spana. Wakenya nao wana mashindano ya magari ya Rhino Charge tangu 1989, magari yanatafuta vituo 13 ndani ya saa 10, anayetumia umbali mfupi ndiye mshindi, na fedha zinazochangishwa zilisaidia kujenga uzio wa umeme kuzunguka misitu ya Aberdare. Huko mtu anatangulia mbele ya gari kwa miguu akitafuta njia porini. Hilo silioni Oman, na ninajivunia. Lakini ni mashindano, ya mara moja kwa mwaka. Mimi nasemea Jumamosi ya kawaida, na wenye mashangingi.

"Mafuta kwetu bei juu." Kweli, na mchangani gari linaweza kunywa maradufu. Ila anayeyachoma kila siku kwenye foleni akiwa peke yake ndani ya injini ya V8 asiniambie habari ya mafuta. "Mnaharibu mazingira." Hilo ni la haki, na msafara wenye adabu unafuata alama zilizopo, haukanyagi vichaka ambavyo ngamia wa Mabedui wanavitegemea, unarudi na taka zake. "Matope si mchanga." Kweli kabisa. Kwenye udongo mweusi wa mbuga kupunguza upepo pekee hakukuokoi. Tope linajaza kashata za tairi, unahitaji minyororo, au akili ya kungoja jua. Kioo cha nyuma, gari la mwisho na beleshi vinabaki vilevile.

Mnaotaka kujaribu, anzeni mwezi wa nane, udongo umekauka. Magari manne, njia ya Mto wa Mbu, Engaruka hadi Engare Sero. Hifadhini msitoke barabarani, ni marufuku na ni haki kuwa marufuku. Ukingoni mwa Ziwa Natron msiingize gari kwenye ule weupe hata uonekane mgumu kiasi gani, juu ni ganda la magadi na chini ni tope; waulizeni Wamasai wa pale mpite wapi, na muwalipe wakiwaongoza. Maji lita 5 kwa mtu kwa siku. Mabeleshi mawili, kamba moja ya kunyumbuka, kipimo cha upepo, kompresa moja inayofungwa kwenye betri. Na mwenye shangingi aendeshe mwenyewe. Dereva wake akija, aje kama mgeni, akae kiti cha mbele.