Shingo Si Uso: Kabla Hujailipia Mashine ya Kukaza Ngozi

Anayeingia kliniki na kuuliza kwanza "kukaza ngozi ni shilingi ngapi" ameanzia mwisho. Taya na shingo hulegea kwa njia nne. Ngozi yenyewe huchoka. Mafuta hujikusanya chini ya kidevu. Msuli mpana wa shingo huachana katikati na kusimama kama kamba. Mfupa wa taya nao hupungua kadiri umri unavyokwenda, au ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa. Mashine nyingi zinazotangazwa zinagusa hiyo ya kwanza tu, tena kwa kiasi. Kwa maoni yangu, pesa nyingi zinazopotea hapa hazipotei kwa ubovu wa mashine. Zinapotea kwa sababu joto limepelekwa kwenye tabaka lisilo na shida.

Kujipima mwenyewe ni rahisi. Simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha, uvute mdomo wa chini kama unayetamka "iii" kwa nguvu. Kamba mbili zikisimama kutoka kidevuni kuelekea kwenye mitulinga, huo ni msuli. Kisha finya chini ya kidevu kwa vidole viwili. Ukishika kitu kinene, ni mafuta. Ukishika kitu chembamba kama kitambaa kilichokunjwa, ni ngozi. Lala chali na kioo mkononi: ngozi iliyolegea itarudi nyuma kuelekea masikioni, mafuta mengi yatabaki pale pale. Na ukimeza mate ukaona uvimbe unapanda na kushuka mbele ya koo, weka urembo kando uende hospitali, maana huenda ni rovu.

Ile mistari ya kulala inayozunguka shingo siihesabu kabisa. Wengi wanayo tangu ujana, na kwetu shingo yenye pingili ni sifa. Anayekuuzia dawa ya kufuta pingili anakutibu ugonjwa usioumwa.

Sasa mashine. Zote kazi yake ni moja: kupasha joto tabaka la chini bila kuunguza la juu. Kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, ikifikia nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi husinyaa, kama nyama inavyosinyaa sufuriani, halafu mwili huanza kutengeneza kolajeni mpya mahali palipoumia. Ujenzi huo huonekana baada ya miezi miwili au mitatu, na huendelea hadi kama sita. Kwa hiyo ukaze unaouona jioni ya siku ile ile kwa sehemu kubwa ni uvimbe. Ukishuka baada ya siku chache, wengi hudhani wametapeliwa na kukimbilia kikao cha pili mapema mno.

Ninayoiamini zaidi kwa shingo ni ultrasaundi ya nukta ndogo, yaani mawimbi ya sauti yanayokusanywa mahali padogo chini ya ngozi, ile yenye skrini inayoonyesha tabaka za ngozi. Ultherapy ndiyo inayojulikana zaidi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu mwaka 2009 kwa kunyanyua nyusi, na 2012 kwa chini ya kidevu na shingo. Vichwa vyake vinapiga kina cha milimita 1.5, 3.0 na 4.5, na hicho cha 4.5 hulenga ule utando imara ulio juu ya misuli, ambao madaktari wa upasuaji huuvuta wanapokaza uso. Hapo ndipo skrini inapolipa gharama yake. Shingo ya mtu mwembamba haina nafasi kubwa kati ya ngozi na msuli, na kichwa kinachofaa shavuni huweza kuwa kirefu mno pale. Mashine za bei nafuu za mawimbi hayo hayo, zinazoitwa HIFU, zilizojaa saluni, nyingi hazina skrini. Anayezishika anapiga gizani.

Makosa yake yanajulikana. Jeli ikiwa kidogo, au kichwa kikishikwa upande upande, hewa inaingia katikati, nguvu inaishia juu, na ngozi inabaki na michirizi iliyovimba. Pembezoni mwa taya unapita mshipa wa fahamu unaoshusha mdomo wa chini. Ukipashwa joto, mtu akicheka mdomo unakwenda upande. Mara nyingi hurudi wenyewe baada ya wiki kadhaa, lakini wiki hizo ni ndefu. Katikati ya koo, juu ya tezi na bomba la hewa, hapapigwi. Na kwa uso uliokonda, joto likipita kiasi linayeyusha mafuta kidogo yaliyobaki, mtu akatoka na mashavu yaliyobonyea na umri ulioongezeka. Anayekuahidi mipigo mingi kwa bei ile ile hakupi zawadi.

Mawimbi ya redio yanafuatia. Thermage, mashine mojawapo ya mawimbi hayo, iliruhusiwa Marekani mwaka 2002 kwa mikunjo ya macho, kisha kwa uso mzima. Kabla ya kuanza, ngozi hupigwa muhuri wa mraba mraba wa wino, ili kila mpigo uangukie mahali pake, na pedi ya kurudishia umeme hubandikwa mgongoni au mahali pengine penye nyama. Pedi ikibanduka nusu, umeme unajikusanya kwenye eneo dogo na kuunguza. Ncha ya mashine ina utando mwembamba unaopoza ngozi, na ni ya mtu mmoja. Iliyotumika tena ikawa na tundu dogo huacha alama ya kuungua. Ombeni ncha ifunguliwe mbele yenu. Mtu mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hatakiwi kuguswa na umeme huu, na mjamzito asubiri.

Sindano ndogo zenye mawimbi ya redio zina faida kwa ngozi nyeusi, hasa zile zilizofunikwa hadi karibu na ncha, kwa kuwa joto linatoka chini na tabaka la rangi halipikwi. Kwa kawaida ni vikao vitatu, wiki nne hadi sita kati ya kimoja na kingine. Lakini Oktoba 2025 FDA ilitoa tahadhari kuhusu vifaa hivi, baada ya kupokea taarifa za kuungua, makovu, kupotea kwa mafuta na kuumia kwa mishipa ya fahamu. Ukiwa na historia ya makovu yanayokua kupita kidonda, hata kama ni la kutoboa sikio, sema kabla sindano haijagusa ngozi.

Leza ya kuchubua, ya CO2, ningeikataa shingoni kwa mtu mweusi, bila mjadala mrefu. Ngozi mpya huota kutoka kwenye mashina ya vinyweleo na tezi za mafuta. Shingo inavyo vichache kuliko uso, kwa hiyo inapona polepole na kuacha kovu kirahisi. Juu ya hilo, ngozi yenye melanini nyingi hujibu jeraha kwa madoa meusi yanayokaa miezi.

Kama kujipima kulionyesha kamba za msuli, mashine ya joto haizigusi. Botoksi ndiyo inayozilegeza. FDA iliidhinisha Botox kwa kamba hizo Oktoba 2024, kwa dozi ya yuniti 26, 31 au 36. Ikizidi au ikikosea mahali, kumeza kunakuwa kugumu. Kama ni mafuta, iko asidi ya deoksikoli, dawa ya kuyayeyusha, iliyoidhinishwa 2015: sindano za mililita 0.2, umbali wa sentimita moja moja, zisizidi 50 kwa kikao, vikao visizidi sita, mwezi mmoja au zaidi kati yake. Ila kutoa mafuta chini ya ngozi iliyolegea ni kama kupunguza unga kwenye gunia: gunia linabaki limejikunja. Nyuzi za PDO, zinazopitishwa chini ya ngozi ili kuivuta, huyeyuka kwa kama miezi sita, na sioni sababu ya kuzilipia shingoni.

Kuna jambo kliniki nyingi haziulizi: umepaka nini miaka kumi iliyopita? Mkorogo mara nyingi una steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, na madhara yake ni kukonda kwa ngozi. Ngozi hiyo imepoteza kolajeni ambayo mashine ilikuja kuikaza, na huungua upesi. Anayeutumia aanze na daktari wa ngozi, asiuache ghafla peke yake, kwani ngozi hulipuka. Kipindi hicho cha kusubiri ngozi itulie kabla ya mashine hakipotei bure. Krimu ya jua ya SPF 30 au zaidi, urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, yenye rangi ya udongo ili isiache weupe. Na baadaye, kwa ushauri wa daktari na bila ujauzito, krimu ya tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, 0.025%, kiasi cha punje ya njegere, usiku mara mbili kwa wiki. Shingoni ichanganywe na losheni, maana pale huwasha haraka kuliko shavuni.

Mwenye ngozi inayoning'inia kiasi cha kukunjika juu ya kola, hakuna joto litakalomfikisha anakotaka. Huyo akaulize upasuaji na aweke akiba badala ya kuigawa vikao vinane.

Na ukionyeshwa picha za kabla na baada, usiangalie shingo kwanza. Angalia matundu ya pua. Yakionekana zaidi kwenye picha ya pili, kidevu kimenyanyuliwa, na kidevu kikinyanyuliwa sentimita mbili kila shingo inakazwa bure.